Moshi wa Mama Ngalula

Juzi tulimzika Mama Ngalula, na tangu tutoke makaburini watu wananiuliza kwa nini nililia kuliko hata wanawe wa kuwazaa, wakati mimi ni Muluba wa hapa hapa Kamina na yeye asili yake ni Kasai, hatuna hata shangazi mmoja wa pamoja. Nawajibu kwa ukali, maana ndivyo nilivyo: nimemlilia kwa sababu bila yeye leo ningekuwa nauza mikate barabarani, tena si mikate mizuri, mkono wangu kwenye unga ni mbaya na mume wangu ni shahidi. Mkono wangu uliumbwa kwa ajili ya spana. Mji mzima unalijua hilo sasa, magari yanapanga foleni mlangoni kwangu, lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao hakuna aliyelijua isipokuwa mimi, na hata mimi nilikuwa nalijua asubuhi na kulisahau jioni. Mwaka huo ndio unaonirudia tangu juzi, pamoja na harufu yake yote ya petroli na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Jinsi nilivyofika kwenye gereji ya Patron Kabange sitaisimulia; nilifika. Ilikuwa nyuma ya stesheni ya treni, banda la mabati lililoshikana na nyumba yake, na kati ya gereji na jiko la mkewe, Mama Selina, palikuwa na ukuta wa matofali ambao haukufika hata juu. Basi harufu ya sombe iliruka ikaja kwetu, harufu ya petroli ikaruka ikaenda kwake, na maneno nayo yaliruka pande zote mbili bila kuomba ruhusa. Saa sita Mama Selina aligonga sahani kwenye ukuta huo, nasi tulinawa kwa sabuni ya unga na mchanga, tukasugua mpaka ngozi ikawaka, na bado bukari, ugali wetu ule mweupe, ilipata alama za vidole vyetu. Nimekula katika hoteli kubwa za Lubumbashi tangu wakati ule, sijaona chakula kama kile. Patron alinichukua kwa mwaka mmoja wa majaribio. Nilikuwa naosha vipuri, nimefunga kitenge cha zamani juu ya sketi, na kwenye msumari karibu na mlango ilitundikwa salopeti ya bluu, ovaroli ya fundi, ambayo haikuwa ya mtu. Patron alikuwa amesema siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba mwisho wa mwaka ataniambia kama ni yangu. Kila asubuhi niliingia nikaitazama kwanza hiyo salopeti, ndipo nikasalimia watu.

Patron alikuwa mfupi, ana sauti ya mtu mrefu. Hakuwa na chombo cha kupimia moshi, alikuwa na leso nyeupe. Akimaliza gari aliliacha lingurume, akashika leso mbele ya mdomo wa ekzosi, akahesabu kimoyomoyo, kisha akaifungua mwangani. "Bantu banasemaka bongo," alikuwa akiniambia, akimaanisha uongo, "motokari haisemake. Angalia pumuzi yake tu." Leso ikiwa safi, gari linaondoka, ikiwa na duara jeusi, tunaanza upya. Mama Selina ndiye aliyezifua leso hizo, na kila Jumamosi tulimsikia upande wa pili wa ukuta akiuliza ni mwanamke gani mwingine duniani anayefulia motokari kamasi. Nilijifunza kwa leso hizo kuliko nilivyojifunza shuleni. Petroli ikizidi na hewa ikipungua, moto hauli vizuri, masizi yanatoka. Ndiyo habari yote ya moshi, na leo hii nikiwaeleza mafundi wangu siongezi neno.

Ndipo ofisi ya kukagua magari ikaleta mashine. Ilikuwa na mpira mrefu unaoingizwa ndani ya ekzosi na kioo kidogo kinachoonyesha namba, na kila gari linalobeba watu au mizigo lilitakiwa kupita pale. Namba ikipita nne na nusu, umeanguka. Ukianguka mara ya tatu, gari halibebi tena, si mtu si gunia. Na ili mafundi wasichezechezee chochote, tulizuiwa nje ya uzio. Mwenye gari aliingia peke yake, akakaa kwenye usukani injini ikiwaka, akangoja hukumu. Mji ulikuwa haujaona mchezo mzuri kama ule kwa muda mrefu. Watu walikuja na viti vyao, wakakaa kando ya uzio, na namba ilipopanda walipiga vigelegele kana kwamba kuna aliyefunga bao.

Mama Ngalula alikuwa akiuza samaki wakavu wa Bukama na mahindi ya Kaniama. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa maneno, na gari lake lilikuwa la familia, la zamani, mgongo mrefu, lenye umri kunizidi mimi, aliloachiwa na marehemu mumewe. Aliliendesha mwenyewe, jambo ambalo wakati huo lilisemwa sana. Popote alipokwenda alikwenda na mkoba wake wa ngozi, na ndani ya mkoba huo, pamoja na vitambaa vya mkono na dawa ya meno, aliweka mawe yake ya mizani, ya chuma, kwa sababu hakuuza wala kununua kwa mawe ya mtu mwingine. Mkoba haukugusa chini hata siku moja. Hilo si lake peke yake, hapa kwetu mwanamke hauweki mkoba chini, bahati itatoka miguuni. Lakini wa Mama Ngalula haukushikwa pia na mkono wa mtu mwingine. Watu wake walipofukuzwa kwenye miji ya migodi, alikaa siku nyingi hapa stesheni na watoto akingoja treni ya kwenda Kasai, alikokuwa hajawahi hata kuishi. Mama mmoja aliyeonekana mwema alimwambia lala kidogo, nitakushikia mzigo wako. Alipoamka, mama hayupo na mzigo haupo. Treni ikaja, yeye hakupanda. Akabaki Kamina kwa hasira, ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa hasira tu.

Siku gari lake lilipoanguka mara ya kwanza aliingia gerejini kwetu akipiga honi. "Kabange! Motokari yangu inakunywa petroli sawa mulevi, na leo ile kimashini imenipigia kelele mbele ya bantu! Minyi, mama muzima, na bukubwa yote hii!" Akashuka na mkoba wake, akakaa kwenye benchi, akauweka mapajani. Patron akanigeukia, akaniita kwa jina langu, jina la Kiluba, si tusi. "Mujinga, chukua weye. Weye mwanamuke, yeye mwanamuke, mutasikilizana." Nikaangusha spana. Lilikuwa gari langu la kwanza. Nilifungua filta ya hewa nikaikuta imezungushiwa kipande cha kitenge, Mama Ngalula alikivalisha mwenyewe ili vumbi la barabara ya Kaniama lisiingie, na vumbi kweli halikuingia, wala hewa haikuingia. Plagi nazo zilikuwa nyeusi kama sufuria ya matanga. Nikasafisha, nikabadilisha, nikafungua kabureta nikaipuliza kila tundu, nikaifunga. Patron akaja na leso. Ilitoka nyeupe, unaweza kuifungia mtoto mchanga kichwani.

Gari likarudi kwenye mashine, likaanguka vibaya kuliko mwanzo.

Sitasahau kicheko cha siku ile kwenye uzio. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba leso ya Kabange inahitaji miwani. Patron alirudi kwa miguu, hakutaka kupanda gari hilo. Tulifungua kabureta upya, tukaweka plagi nyingine, leso ikatoka nyeupe tena, na uso wake ukazidi kuwa mweusi. Saa sita nilikuwa nyuma ya ukuta nimeshika sahani yangu, bado sijaonja, nikamsikia Mama Selina akimuuliza, "Sasa Mujinga, utamufukuza?"

"Sitamufukuza. Lakini kama ile motokari inaanguka tena, salopeti nitapatia mwengine. Minyi bantu bananicheka. Banasema Kabange anatengenezesha motokari na mutoto mwanamuke, njo maana inanuka moshi."

"Na yeye alikosa nini?"

"Hakukosa kintu. Lakini jina ya gereji iko jina ya gereji."

Niliiweka sahani chini. Nilitamani kuruka ukuta ule nimwambie maneno makubwa, na umri wangu ule ningeweza. Badala yake nilirudi kwenye gari, nikakaa chini kando ya gurudumu, nikakasirika vizuri. Mimi nikikasirika nafikiri. Nikifurahi siwezi kufikiri lolote. Nikajiambia: Mujinga, hapa gari ni zima, kule ni gonjwa. Kabureta ni ileile, petroli ni ileile, ekzosi ni ileile. Basi ugonjwa hauko ndani ya gari, unaingia njiani. Nikasimama, nikaenda kwa Patron akiwa bado anatafuna.

"Patron, tusifungue tena kabureta. Minyi nataka kuenda na Mama Ngalula ku soko, mu motokari yake."

"Unataka kutembea?"

"Nataka kufwata moshi. Unipatie leso moja."

Mama Selina akatoa kichwa juu ya ukuta, sijui alipanda juu ya nini, akasema, "Umupatie." Patron akanipa.

Ilikuwa katika miezi ya baridi, wakati Kamina inaamka na ukungu na watu wanavaa makoti mpaka saa nne. Asubuhi kama hizo gari la zamani halikubali kuwaka bila kuvutwa choki, kile kifundo kilichoko chini ya dashibodi kinachoizibia injini hewa kidogo ili petroli izidi, ipate nguvu ya kuamka. Gerejini tulikivuta kila asubuhi, injini ikipata moto tukakirudisha ndani bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Mama Ngalula alikivuta, akawasha, akangoja, akakirudisha. Nilimwona kwa macho yangu akikirudisha. Kisha akachukua mkoba wake, akautundika kwenye kifundo hicho hicho kwa mkanda wake, akaingiza gia, tukaondoka. Niliona hilo nalo, lakini sikuliona. Dirisha la upande wangu lilikuwa halipandi, akaniambia nikae hivyo hivyo nizibe shimo, maana kwenye kituo cha soko vibaka wanaingiza mikono wakadhani ni sanduku la posta.

Barabara ya soko ni mashimo, gari likarukaruka, naye akaongea. Alinisimulia bei ya samaki, uvivu wa wakwe, na padri anayehubiri mpaka sombe inaungua. Tulipofika kwenye reli, treni ya mizigo ilikuwa imesimama katikati ya njia, haina haraka na mtu. Tukangoja injini ikiwaka. Nikashuka, nikaenda nyuma, nikashika leso mbele ya ekzosi. Nilipoifungua palikuwa na duara jeusi, nene, la kuchafua vidole. Vidye wangu, Mungu wangu! Nilifurahi kana kwamba nimeokota almasi. Moshi ulikuwa pale, nimeukamata nyumbani kwake.

Nikarudi mlangoni nikasimama tu, nikatazama. Miguu yake kwenye pedali, sawa. Mikono kwenye usukani, sawa. Injini ilikuwa inanguruma kwa uzito, haraka kuliko inavyotakiwa. Na chini ya dashibodi mkoba ule wa mawe ulikuwa unaning'inia, unayumba polepole, na kifundo cha choki kilikuwa kimetoka nje urefu wa kidole. Yale mawe ya chuma! Kila shimo la barabara lilikivuta kidogo. Nilicheka mpaka nikashika mlango.

"Unacheka nini? Treni?"

"Mama, inua sakoshi," nikamwonyesha mkoba.

"Juu ya nini niinue?"

"Inua kiloko tu, kidogo tu, Mama, nakuomba."

Aliinua kwa mashaka. Nikanyoosha mkono, nikasukuma kifundo ndani mpaka mwisho. Injini ikakohoa, ikatulia, ikaanza kunguruma taratibu kama inavyonguruma kwetu gerejini. Nikakimbia nyuma na upande mwingine wa leso, nikarudi nikamwonyesha: huku nyeusi, huku nyeupe. Nilitegemea anikumbatie. Mama Ngalula alitazama leso, akanitazama mimi, akautundika mkoba wake palepale. "Sakoshi yangu njo inatoa moshi? Mutoto weye, unanizarau. Marehemu bwana yangu alikuwa anaitundika hapa, na motokari haikufa." Njia nzima iliyobaki hakunisemesha, na nikijua anavyopenda kuongea, nilielewa nimemuudhi kweli.

Patron nilipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya gurudumu. Baadaye akaacha kucheka. Meno yanayoshika waya wa choki yalikuwa yameisha, na Kamina hakuna aliyekuwa na kifundo kingine cha gari lile. Akataka kukifunga kwa waya siku ya kupima tu. Mama Ngalula akakataa katakata, hakuna mtu atakayefunga motokari ya marehemu sawa mbuzi. "Basi," Patron akasema, "tumebaki na sakoshi, na minyi siwezi kuitoa mu mukono yake. Weye unaweza?" Nilikuwa natazama msumari wa salopeti.

Siku ya mara ya tatu uzio ulijaa. Kontrola, yaani mkaguzi, kijana mpole mwenye shati jeupe, aliingiza mpira ndani ya ekzosi, na kutoka nilipokuwa nimesimama na Patron niliona kupitia dirishani kwamba mkoba umetundikwa. Namba ikaanza kupanda. Ikapita tatu, ikapita nne, watu wakaanza kuimba, ikapita tano na haikuwa na nia ya kusimama. Kontrola akashika mhuri wake, akatikisa kichwa kwa huruma. Patron akafumba macho. Na mimi, ambaye siku zote naambiwa sauti yangu ni ya mwanaume, nilipanda juu ya waya wa chini wa uzio nikapiga ukelele.

"Mama Ngalula! Nipatie sakoshi!"

Nikanyoosha mikono miwili juu ya uzio. "Sitaiweka chini, Mama! Nitaishika! Nitasimama hapa mbele ya macho yako, hakuna mutu ataigusa!"

Alikaa akinitazama kupitia kioo cha mbele. Kontrola, Mungu ambariki, alirudisha mhuri mezani, akasema, "Nangojea, Mama." Mlango ukafunguka. Mama Ngalula akashuka na mkoba wake, akatembea mpaka kwenye uzio, si haraka, akasimama mbele yangu. Karibu hivyo niliona macho yake yamejaa maji, na nikaelewa kwamba hakuwa ananitazama mimi tu, alikuwa anamtazama yule mama wa stesheni. "Mwana wanyi," akanong'ona, mwanangu kwa lugha yao, "usilale." Akaniwekea mkoba mikononi. Ulikuwa mzito, mabega yangu yalishuka. Nikaukumbatia kifuani.

Akarudi kwenye gari, akakaa, na kwa dole gumba lake mwenyewe akasukuma kifundo. Injini ikakohoa, ikatulia. Namba ikasita. Halafu ikaanza kushuka: nne, tatu na kitu, tatu, mbili na nusu, ikakaa. Kontrola akainama karibu na kioo kana kwamba anasoma Injili. "Mama, vuta tena." Akavuta, ikapanda. "Sukuma." Ikashuka. Vuta, sukuma, na watu walikuwa wanahesabu kwa pamoja juu na chini kama shule, mpaka kontrola mwenyewe akaangua kicheko na kupiga mhuri. Mlio wa mhuri ule bado ninao masikioni. Patron alirusha leso yake juu, ikanaswa kwenye waya wa umeme, ikabaki pale mpaka mvua zilipoanza, na kila aliyepita aliinyooshea kidole. Mama Ngalula alicheza kutoka kwenye gari hadi kwangu. Aliponifikia alikuta nimesimama vilevile, mkoba kifuani. Alifungua, akachungulia, akafunga, akasema kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, "Huyu njo munganga wa motokari yangu! Mutu asiniletee mwengine!"

Salopeti ilikuwa kubwa, nilikunja miguu mara mbili. Patron alinivalisha juu ya kitenge changu bila hotuba yoyote, yeye mwenye maneno mengi, akapiga chafya ili tusimwone machozi. Mama Selina alipitisha samaki wa Mama Ngalula juu ya ukuta, sahani baada ya sahani, na nilikula na salopeti yangu mpya nikiichafua makusudi ili isirudi tena msumarini.

Leo nina gereji yangu na mashine yangu ya kupima moshi, na mteja akiniletea namba mbaya simuulizi kwanza habari za injini, nawasha, nakaa naye ndani, namwambia aendeshe kama anavyoendesha siku zote. Mafundi wangu wanadhani ni ujanja niliojifunza Lubumbashi. Nawaacha wadhani. Mama Ngalula aliendelea kuja mpaka gari lake lilipochoka kabisa, na kila alipofika aliteremka, akanipa mkoba kabla ya kunisalimia, akaenda kukaa. Mbele ya watu wengine wote aliukumbatia mwenyewe, hata mbele ya padri.

Juzi, tulipokuwa tumekaa mikekani matangani, binti yake mkubwa alikuja akapiga magoti mbele yangu akiwa ameushika. Ngozi imechakaa, mkanda umeshonwa upya. "Mama alisema tukupatie," akaniambia. "Alisema: Mujinga njo anayua kuishika." Nikaupokea kwa mikono miwili, na mabega yangu yakashuka kama siku ile, mawe yote yako ndani. Gari langu la sasa halina kifundo cha kutundikia kitu, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Niliuweka mapajani, chini ya usukani, nikaendesha polepole mpaka nyumbani.